Kalima ya Ramadhani, Siku ya 17: Daftari la Sayyidna Umar

 

Leo ni tarehe 17 Ramadhani. Tarehe kama ya leo, mwaka wa 2 Hijria, Waislamu mia tatu na kidogo walisimama Badr mbele ya jeshi lililowazidi karibu mara tatu. Kisa cha vita chenyewe mmeshakisikia, na wengi wenu mnaweza kunisahihisha nikikosea hata majina ya visima. Kwa hiyo leo naomba tusogee mbele miaka 18. Wale watu wa Badr wameshaota mvi, wengine wameshazikwa. Mtume (s.a.w.) ameshafariki, Sayyidna Abubakar (r.a.) naye ameshafariki. Khalifa ni Umar bin Khattab (r.a.), mali inaingia Madina kwa mizigo ya ngamia, na yeye anatakiwa aamue nani katika wapiganaji wa Kiislamu apewe nini, na kwa sababu gani.

Jambo hili si dogo. Mtu akitumikia vizuri, jeshini au popote, unamtambua vipi? Ukinyamaza, anavunjika moyo. Ukimpamba kupita kiasi, unaweza kumharibu yeye na kuwafanya wenzake wajione si kitu. Siku hizi majeshi yana idara nzima za rasilimali watu: zinatunza majina, mishahara, vyeo, likizo, familia za wafiwa, na mwisho wa mwaka zinatoa nishani na vyeti kwa waliofanya vizuri. Sayyidna Umar hakukuta idara hiyo Madina. Yeye ndiye aliyeianzisha.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Umar ni wa ukoo wa Banu Adi katika Makureshi. Ujanani alichunga ngamia wa baba yake, na baba mwenyewe alikuwa mkali kwelikweli. Alijua kusoma na kuandika, jambo ambalo Makka ya wakati ule lilikuwa la wachache. Alisilimu kabla ya Hijra, akahama, akawa Badr, akawa Uhud, akawa Khandaq. Alishika ukhalifa mwaka wa 13 Hijria (634) na akakaa nao miaka kumi.

Jeshi alilolikuta lilikuwa la watu wa kujitolea. Ikipigwa mbiu, mtu anachukua upanga wake, anapanda ngamia wake, mkewe anamfungia tende na unga, anaondoka. Mshahara hakuna. Ikipatikana ngawira, sehemu nne katika tano zinagawanywa kwa waliopigana, na ya tano inakwenda baytulmali. Mambo yakawa hivyo wakati jeshi ni la watu mia tatu au elfu kadhaa, wote wanajuana kwa sura na kwa baba.

Lakini ndani ya miaka michache ikaja Yarmuk dhidi ya Warumi mwaka wa 15 Hijria (636), ikaja Qadisiyya dhidi ya Waajemi, ikafunguka Baytul Maqdis, ikafunguka Madain, mji mkuu wa Waajemi, kisha Misri. Wapiganaji wakawa makumi ya maelfu, wameenea Sham, Iraki na Misri. Wakajengewa miji ya kambi, Basra na Kufa (hilo ni jina la mji, msishtuke). Sasa nani yuko hai? Nani amekufa na ameacha watoto wangapi? Nani ameshapewa, nani amerukwa? Hapo huwezi tena kwenda kwa kumbukumbu ya kichwa.

Kulikuwa na hatua moja kabla ya daftari, na bila hiyo daftari lisingekuwa na maana. Wapiganaji wa Iraki walitaka yale mashamba makubwa ya mabondeni, yanayonyweshwa na mito miwili, yagawanywe kama ngawira. Bilal (r.a.) alikuwa miongoni mwa waliolishikilia jambo hilo kwa nguvu. Umar akakataa. Aliona kwamba akiwagawia waliopo, watakaokuja baadaye watakuta kila kipande kimeshachukuliwa na warithi wa watu wa kwanza, na mipaka haitakuwa na wa kuilinda. Zikapita siku za mashauriano, na hayakuwa mepesi. Ali na Uthman (r.a.) wakawa upande wa rai yake. Mwishowe ardhi wakaachiwa wakulima wake wailipie kodi, na kodi hiyo ndiyo ikawa fungu la kuwalipa askari kila mwaka. Yaani alikataa kuwapa zawadi kubwa mara moja, akawawekea riziki ya kudumu. Nadhani mtu yeyote aliyewahi kuona kiinua mgongo kinavyoyeyuka kwa miezi sita ataelewa.

Kisha Abu Huraira (r.a.) akarudi kutoka Bahrain na mali. Umar akamuuliza ni kiasi gani, akamjibu ni dirhamu laki tano. Umar hakuamini. Akamuuliza kama anajua anachokisema, akamwambia aende akalale, pengine ni uchovu wa safari, arudi asubuhi. Asubuhi akarudi na hesabu ileile. Ndipo Khalifa akapanda mimbari akawaeleza watu kwamba imekuja mali nyingi, wachague wapimiwe kwa kibaba au wahesabiwe.

Akataka ushauri. Ali akaona kila mwaka mali igawanywe yote isibaki kitu. Uthman akasema mali ni nyingi, na watu wasipohesabiwa haitajulikana nani amepata na nani hajapata. Walid bin Hisham bin Mughira akaeleza kwamba amefika Sham akaona wafalme wa huko wana daftari la askari, kila askari jina lake limeandikwa. Umar akaichukua rai hiyo. Hakuona tabu kwamba utaratibu umetoka kwa maadui. Hiyo ilikuwa mwaka wa 20 Hijria (641), na wapo wanahistoria wanaosema ni mapema zaidi, mwaka wa 15.

Daftari hilo liliitwa diwani. Ndiyo, neno lilelile. Diwani wa kata yenu na diwani ya mashairi mnayoisoma shuleni, yote yametoka kwenye neno hili la orodha iliyokusanywa na kuandikwa.

Kazi ya kuandika akawapa watu watatu: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Hawa walikuwa mabingwa wa nasaba za Makureshi. Ukimtajia mtu, wanakutajia babu zake mpaka mwisho. Kuweka mtu anayeijua kazi mahali pa kazi yake, hapo tayari ni nusu ya uongozi. Wakakaa, wakaandika. Wakaanza na Banu Hashim, ukoo wa Mtume (s.a.w.), wakafuatisha watu wa Abubakar, kisha watu wa Umar, kwa mpangilio wa ukhalifa. Wakampelekea.

Umar akaitazama orodha, akairudisha. Akasema angependa iwe hivyo, lakini waanze na jamaa wa Mtume (s.a.w.), wa karibu kisha wa karibu yake, mpaka wamweke Umar pale Allah alipomweka. Banu Adi wakaposikia wakamwendea. Jamani, ni ndugu zao huyu, ndiye mkubwa wa dola, na jina lao linashushwa chini! Wakamwambia kwamba yeye ni khalifa wa khalifa wa Mtume, kwa hiyo kwa nini asikubali walivyoandika waandishi. Akawajibu kwamba wanataka kula kwa mgongo wake, na yeye apeleke mema yake kwa ajili yao. Wakarudi na nafasi yao ileile ya chini.

Sasa tuje kwenye viwango, maana hapa ndipo penye mjadala. Sayyidna Abubakar alipokuwa Khalifa aligawa sawa kwa sawa. Aliyesilimu Makka akapigwa mawe na aliyesilimu jana, wote fungu moja. Alipoulizwa, hoja yake ilikuwa kwamba kutangulia na fadhila malipo yake yako kwa Allah, na hii ni riziki tu, na katika riziki usawa ni bora. Umar hakuikubali hoja hiyo. Yeye aliona hawezi kumweka aliyepigana dhidi ya Mtume (s.a.w.) sawa na aliyepigana pamoja naye.

Basi watu wa Badr, wale wa tarehe ya leo, akawaandikia dirhamu 5,000 kwa mwaka kila mmoja. Waliofuata baada ya Badr wakapungua kidogo, waliofuata tena wakapungua, mpaka wale waliosilimu baada ya kufunguliwa Makka, na wale wa Yarmuk na Qadisiyya. Riwaya zinatofautiana katika baadhi ya tarakimu, lakini ngazi zenyewe hazina utata: ulifanya nini, na ulikifanya lini, wakati kilipokuwa kigumu au wakati kilipokuwa rahisi? Wake wa Mtume (s.a.w.) walikuwa juu ya wote. Hasan na Husein (r.a.) wakaingizwa kwenye kiwango cha baba yao, cha watu wa Badr.

Na mtoto wake mwenyewe? Muhajirina wa mwanzo aliwawekea 4,000 katika riwaya iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, lakini Abdullah bin Umar akamwekea 3,500. Watu wakauliza, kwani Abdullah naye si Muhajir? Jibu lake lilikuwa kwamba Abdullah alihamishwa na wazazi wake, hakuhama kwa nafsi yake. Na katika riwaya nyingine Usama bin Zayd, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa zaidi ya Abdullah. Abdullah akamuuliza baba yake, kwani Usama amemtangulia katika vita gani? Akaelezwa kwamba baba yake Usama alikuwa kipenzi cha Mtume kuliko baba yake yeye, na Usama mwenyewe alikuwa kipenzi cha Mtume kuliko yeye. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tulifundishwa kwamba mwanafunzi asifiwe kwa kitu mahususi alichokifanya, na kamwe usimpe zawadi mtoto wako darasani kabla ya wenzake. Somo lile nililisoma kwenye kitabu cha saikolojia ya elimu, kumbe lilikuwa Madina zamani.

Kina mama msidhani hamkuwemo. Safiyya bint Abdulmuttalib, shangazi yake Mtume (s.a.w.), aliandikiwa. Asma bint Umays aliandikiwa. Mama yake Abdullah bin Mas'ud aliandikiwa. Na kuna siku Umar aligawa shuka kwa wanawake wa Madina, ikabaki moja nzuri. Waliokuwa karibu wakamwambia ampe mkewe, Ummu Kulthum binti Ali, mjukuu wa Mtume. Akasema Ummu Salit anastahiki zaidi, kwa sababu siku ya Uhud alikuwa akiwabebea viriba vya maji. Miaka mingi imepita! Mama yule hakushika upanga, hakuua mtu. Alibeba maji. Na Khalifa alikuwa na kumbukumbu ya nani alibeba maji. Nimewahi kuhudhuria hafla ya kugawa vyeti ambapo wakubwa wote waliitwa jina kwa jina, na waliopika chakula cha watu mia nne wakabaki nyuma ya jengo wakiosha masufuria. Kila nikisoma kisa cha Ummu Salit nawakumbuka.

Siku nyingine akiwa sokoni alisimamishwa na mwanamke kijana. Mumewe amekufa, ameacha watoto wadogo, hawana shamba wala mnyama wa kukamua. Akajitambulisha kuwa ni binti wa Khufaf bin Ima' wa kabila la Ghifar. Umar akasimama naye, hakumpita. Akaenda kwenye ngamia mwenye nguvu aliyekuwa amefungwa nyumbani, akampakia magunia mawili ya chakula, akaweka na pesa na nguo katikati, akamkabidhi kamba. Mtu mmoja akaona amempa nyingi mno. Umar akamkemea. Alikuwa amemwona baba wa binti huyu na kaka yake wakiizingira ngome muda mrefu mpaka wakaifungua, na sasa wengine wanakula mafungu ya kazi ile. Mnaona? Kwake yeye kumtambua askari hakuishii kwa askari. Hata mtoto wa askari akija na njaa, baba yake anakumbukwa.

Na kwenye familia alibadilisha sheria zake mwenyewe mara mbili. Mwanzo posho ya mtoto ilikuwa haiandikwi mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja akizunguka akasikia kichanga kinalia, akarudi mara ya pili na ya tatu, bado kinalia. Mama yake, bila kumjua anayesema naye, akamweleza kwamba anamwachisha kwa nguvu kwa sababu Umar haandiki mtoto anayenyonya. Inasimuliwa kwamba alfajiri ile alisalisha na watu wakashindwa kuisikia vizuri kisomo chake kwa kulia. Baada ya swala akatangaza kwamba kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu aandikwe tangu siku ya kuzaliwa. Mara nyingine alisikia mwanamke akilalamika ndani ya nyumba usiku, mumewe yuko vitani muda mrefu. Akamwendea binti yake Hafsa (r.a.) na kumuuliza mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe. Kwa haya Hafsa hakujibu kwa urefu. Akataja miezi, minne kwa riwaya moja, sita kwa nyingine. Umar akawaandikia makamanda wasimzuie askari zaidi ya muda huo. Likizo ya askari imetokana na kilio cha mke wake.

Sasa, kutambua watu kuna upande mgumu, na siwezi kuupita.

Alipoingia tu kwenye ukhalifa aliwahimiza watu watoke kwenda Iraki. Siku tatu watu wakasita, wakiwahofu Waajemi. Siku ya nne akasimama Abu Ubayd bin Mas'ud wa Thaqif, wa kwanza kujitokeza, kisha wengine wakafuata. Umar akaambiwa awape uongozi Muhajirina au Answari. Akakataa, akasema waliotangulia walipata ubora kwa kuwahi, na wakisita wao, basi anayewahi ndiye anayestahiki. Akamfanya Abu Ubayd kamanda, akamuusia awasikilize Maswahaba waliomo jeshini. Abu Ubayd alikuwa shujaa hasa. Lakini kwenye vita vya Daraja, mwaka huohuo wa 13, alivuka Mto Furati kinyume na ushauri wa wenzake, tembo wa Waajemi wakavuruga farasi, akauawa yeye na wengi wengine. Kwa maoni yangu, hapa tunaona kwamba kuwahi kujitolea ni fadhila, na kuongoza vita ni ujuzi mwingine. Sayyidna Umar kwa kawaida alivitenganisha viwili hivi, lakini safari hii viliungana, na gharama ikawa kubwa.

Alichokifanya baadaye ndicho kinachonigusa. Walionusurika walirudi Madina wameinamisha vichwa, wengine hawakutaka hata kuonekana. Kulikuwa na msomaji mmoja wa Qur'ani, Mu'adh, kila akifika kwenye aya ya kuwakemea wanaokimbia vitani alikuwa akilia. Umar akamwambia asilie, kwamba yeye Umar ndiye kundi aliloliendea, hivyo hakukimbia bali amerejea kwa wenzake. Mtu aliyeshindwa naye ana haki ya kutazamwa usoni.

Kuhusu Khalid bin Walid (r.a.), najua hapa wengi mnasubiri. Khalid ndiye kamanda ambaye jina lake lilitosha kumtia adui baridi. Umar alimwondoa kwenye ukamanda mkuu wa Sham akamweka Abu Ubayda bin Jarrah, na Khalid akaendelea kupigana chini yake bila kugomba. Kisha mwaka wa 17 (638) ikafika habari kwamba Khalid amemzawadia Ash'ath bin Qays dirhamu 10,000. Umar akaagiza asimamishwe mbele ya watu na aulizwe: pesa zimetoka wapi? Kama ni za Waislamu, ni hiana. Kama ni zake, ni israfu. Bilal akamvua kilemba akamfunga nacho, ikasubiriwa kauli yake. Khalid akasema ni mali yake. Bilal akamfungua, akamvika kilemba kwa mkono wake mwenyewe. Hata hivyo aliondolewa kazini. Lakini Umar akaandika barua mikoani kueleza kwamba hakumwondoa kwa hasira wala kwa hiana. Aliogopa watu wameanza kumtegemea Khalid na kusahau kwamba ushindi unatoka kwa Allah.

Wapo wanaosoma kisa hiki wakaona Khalid alionewa. Mimi naona kina uchungu, na sioni haja ya kuufuta. Kumvua kilemba mtu kama yule mbele ya askari wake si jambo la kuchukulia wepesi. Ila ile barua ilikuwa ya lazima, na viongozi wengi huisahau: ukimwondoa mtu, sema pia asichokikosa, heshima yake isiliwe na uvumi. Khalid alifariki mwaka wa 21 (642). Aliacha farasi na silaha, na mtu aliyemuusia kusimamia mambo yake baada ya kifo ni Umar.

Sa'd bin Abi Waqqas, shujaa wa Qadisiyya na mtu wa Badr, naye alishitakiwa na baadhi ya watu wa Kufa, mpaka wakasema hasalishi vizuri. Wakati wenyewe jeshi lilikuwa linakusanywa kwa vita vikubwa. Mwingine angesema tusubiri. Umar akamtuma Muhammad bin Maslama, mkaguzi wake, akazunguka na Sa'd msikiti hadi msikiti akiuliza watu hadharani. Karibu wote walimsifu, isipokuwa mtu mmoja. Sa'd akaondolewa ili fitna itulie. Lakini Umar alipokuwa kitandani anakufa alimtaja Sa'd kati ya watu sita wanaofaa kuchaguliwa Khalifa, akaeleza wazi kwamba hakumwondoa kwa kushindwa kazi wala kwa hiana.

Vita vile vilivyokuwa vinakusanyiwa jeshi ni Nahawand, mwaka wa 21 (642). Kamanda alikuwa Nu'man bin Muqarrin. Nu'man alikuwa amepewa kazi ya kukusanya kodi, kazi ya starehe, na akaandika kuomba atolewe kwenye kodi apelekwe jeshini. Umar alimjua mtu wake, akampa jeshi lote. Waislamu wakashinda, na Nu'man akauawa siku ileile.

Mjumbe, Sa'ib bin Aqra, akafika Madina. Akatoa habari ya ushindi, kisha habari ya Nu'man. Umar akaweka mkono kichwani akalia. Akauliza nani mwingine. Sa'ib akamtajia anaowajua, huyu na huyu, kisha akasema na wengine wengi ambao Amirul Muuminina hawajui. Umar akazidi kulia. Akasema haiwadhuru kitu Umar asipowajua, lakini Allah anawajua.

Ndugu zangu, huyu ndiye mtu aliyetengeneza daftari la kwanza la askari katika Uislamu. Alilibeba mwenyewe; imepokewa kwamba alikuwa akichukua orodha ya kabila la Khuza'a mpaka Qudayd, akawagawia mkononi, mwanamke mmoja mmoja, asikose hata msichana. Alisema akiishi, hata mchungaji aliyeko kwenye milima ya San'a itamfikia haki yake bila kuja kuiomba. Na bado siku ya Nahawand daftari halikutosha, na alilijua hilo.

Imepokewa pia kwamba mwishoni mwa maisha yake lile suala la viwango lilimrudia. Mali ilikuwa imeongezeka sana, na pengo kati ya wa juu na wa chini likawa kubwa. Akasema akifika mwaka ujao atawaunganisha watu wa mwisho na wa mwanzo wawe sawa katika posho. Yaani alikuwa anarudi kwenye rai ya Abubakar. Miaka mingi amezishikilia zile ngazi, ametetea hoja yake mbele ya Maswahaba, na bado aliuacha mlango wazi. Ali (r.a.) alipokuja kuwa Khalifa ndiye aliyegawa sawa. Wanavyuoni mpaka leo wanazitaja rai zote mbili, na mimi sitawachagulia hapa. Kamati zetu zinazokaa kila mwisho wa Ramadhani kupanga bahasha za walimu wa madrasa, waadhini, wafagiaji na wapishi wa futari, zikipenda zianze mazungumzo kutoka hapo: wote sawa, au kwa miaka na uzito wa kazi? Kila upande una Swahaba.

Mwaka ujao haukufika. Mwezi wa Dhulhijja mwaka wa 23 (644) alichomwa kisu akiwa anasalisha alfajiri. Akamwita mwanawe Abdullah, wakahesabu deni lake, likakutwa ni dirhamu 86,000 hivi. Akaagiza lilipwe kutoka mali ya familia yake, isipotosha waombwe Banu Adi, wale waliorudishwa chini kwenye orodha, na baada yao Makureshi, wasivuke hapo.

Na kuna siku moja sijawaeleza, imebaki hapa mwisho. Wakubwa wa Makureshi, Suhayl bin Amr na Abu Sufyan wakiwemo, walikuja mlangoni kwa Umar. Nao watu wa Badr walikuwepo mlangoni, Bilal na Suhayb, waliowahi kuwa watumwa. Umar akawaruhusu kwanza Bilal na Suhayb. Abu Sufyan akakasirika kwamba watumwa wanaingia na mabwana wanaachwa nje. Suhayl, mtu wa busara, akawaambia wenzake wazikasirikie nafsi zao, kwani waliitwa wote, wale wakaharakisha na wao wakachelewa. Kisha Suhayl akaondoka kwenda kupigana Sham, akafia huko.

Umar alipochomwa kisu, aliyemwagiza awasalishe watu siku tatu, mpaka wale sita wachague Khalifa, ni Suhayb. Na jeneza lake lilipoletwa msikitini, aliyetangulia mbele kumsalia ni Suhayb.

Wabillahi tawfiq.